Jahazi la zamani au jipya: tazama mkuku kwanza
Ndugu unayekusudia kununua jahazi hapa Bagamoyo, usilinganishe la zamani na jipya kwa rangi ya ubavuni, bali subiri bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, maji yakishakupwa na vyombo vyote viwili vikiwa vimekaa mchangani, uinamie mkuku, ule mti mkuu wa chini unaobeba chombo chote, na kuchoma mbao kwa ncha ya kisu, hasa kwenye mataruma, yaani mbavu za chombo, na kuzunguka misumari, kwa kuwa kutu hula mti taratibu bila kuonekana kwa nje. Jipya nalo huvuja mwanzoni, mpaka mbao zivimbe kwa maji, hilo lisikutishe. Mimi ningechagua la zamani lenye mkuku mzima, maana kalafati, yaani pamba ya kuzibia nyufa za mbao, na tanga hubadilishwa, ilhali mkuku ukioza ni kama kuunda chombo upya.