Kabla Hujawasha Muvi ya Kutisha: Mambo ya Kuzingatia kwa Usiku wa Kutazama Pamoja

Kabla hujataja jina la muvi yoyote, jua kwanza nani watakuwepo. Ukitazama peke yako kwenye simu, hedifoni masikioni, chagua unachopenda. Lakini hapa Uganda wengi wetu tunatazama kwa kundi: majirani wa nyumba za kupanga, binamu waliokuja kutoka Busia au Arua, rafiki wa kazini na mkewe, na watoto ambao hakuna aliyewaita. Muvi inayomchangamsha mmoja humkosesha mwingine usingizi wiki nzima. Mimi napenda sana muvi za kutisha na zile za sayansi ya kubuni, na ndiyo maana natamani kila aliyealikwa kwa mara ya kwanza aondoke akiuliza tutakutana tena lini.

Watoto ndio wa kufikiriwa mwanzo. Mkiwa kwenye chumba kimoja cha kupanga, ile kauli ya "watoto wameshalala" usiiamini haraka. Mtoto yuko kitandani nyuma ya pazia, kajifunika shuka hadi kichwani, na ameacha kijitundu cha jicho moja. Anaona kila kitu. Kesho yake usiku haja ikimbana hatatoka, maana choo kiko uani, na kati ya mlango na choo kuna giza ambalo jana halikumtisha. Kama hakuna pa kuwalaza kwingine, chagua muvi isiyo na damu wala maiti zinazotembea, au ahirisheni. Zile namba za umri, 13, 16 na 18, zisome kabla ya kubonyeza chochote.

Halafu kuna imani. Katika nyumba nyingi za huku, habari ya mapepo si mchezo. Walokole wengi hawataki muvi ya kutoa pepo iwashwe sebuleni kwao, na Mwislamu anayechukulia majini kwa uzito naye ana haki yake. Usingoje ubishi uanze skrini ikiwa imeshawaka. Muulize mwenye nyumba mapema: "Mzee, tunataka kutazama muvi ya kutisha. Za mapepo una shida nazo?" Akisema ndiyo, hujapoteza kitu. Hapo ndipo sayansi ya kubuni inapokuokoa, kwa kuwa hofu yake inatoka angani, maabara au kwenye mitambo. District 9 ya mwaka 2009 inafaa sana kwa kundi la namna hiyo: viumbe kutoka anga za mbali wamekwama juu ya Johannesburg, serikali inawafungia kambini, na kampuni inapewa kazi ya kuwahamisha kwa nguvu. Aliyewahi kuona watu wakibomolewa vibanda vyao ataielewa bila kufafanuliwa. Ni ya watu wazima lakini, ina damu na matusi.

Jambo ambalo naliona zito kuliko yote ni yale ambayo wageni wako wameyapitia. Uganda inahifadhi wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na kule Acholi na Lango, kaskazini mwa nchi, kuna watu wazima wa leo waliokuwa watoto wakati wa vita vya Kony, kiongozi wa waasi waliokuwa wakiteka watoto. Kuna muvi ya mwaka 2020 iitwayo His House, inayomhusu mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini, wakavuka bahari, wakapewa nyumba Uingereza, na ndani ya kuta za nyumba hiyo kuna kitu. Nimetazama muvi nyingi za nyumba zenye mauzauza na sijui nyingine inayoifikia, kwa sababu kinachotisha si ukuta bali kile walichokiacha nyuma. Hata hivyo siwezi kumwekea jirani aliyetoka Sudan Kusini kwa kumshtukiza. Mwambie wazi: humu kuna vita, kuna watu wanazama majini, na kuna mtoto. Wako watakaosema hapana, usiwaulize sababu. Wako pia watakaosema hiyo hiyo ndiyo wanayoitaka, kwa kuwa hawajawahi kuona muvi ya kutisha inayozungumza habari zao. Fanya vivyo hivyo kwa muvi yoyote yenye kuteka nyara watoto. Na kama kuna mwenye kifafa, epuka zile zenye taa za kumetameta. Uliza kabla, kimyakimya, si mbele ya watu.

Sasa toleo. Utachukua la kutafsiriwa au la asili? Hapa watu hukosea kwa kufikiri kwamba lililotafsiriwa ni la wasiojua Kiingereza tu. VJ, yule anayetafsiri na kusimulia muvi kwa sauti yake juu ya ile ya asili, ni msanii. VJ Junior, VJ Jingo au VJ Emmie akishika maiki, muvi inageuka kuwa kitu kingine: anampa mhusika jina la mtaani, anamkemea anayeingia chumba chenye giza, anawaambia watazamaji washike viti vyao. Kwenye kibanda cha video, hadhira nzima humjibu. Wanaopenda Kiswahili wana DJ Afro wa Kenya. Muvi yenye mbio na kelele hunoga zaidi kwa sauti ya namna hiyo. Train to Busan ya Korea, ya mwaka 2016, ambamo abiria wa treni wanashambuliwa na wenzao waliogeuka mazombi, inabeba masimulizi vizuri kabisa, na inamwondolea mzee wa macho mabovu kazi ya kusoma maandishi madogo chini ya skrini.

Lakini ziko muvi ambazo ukizitia masimulizi umeziua. A Quiet Place ya mwaka 2018 ni mfano mkubwa. Familia inaishi bila kutoa sauti, watu wanatembea pekupeku juu ya mchanga, wanaongea kwa ishara za mikono, kwa sababu viumbe wanaowinda hawaoni ila wanasikia kila kitu. Ukimya ndio unaokukaba. Dakika inapita hakuna neno, unaanza kujisikia pumzi zako mwenyewe, mara kitu kinaanguka mezani na chumba kizima kinaruka. VJ akiongea juu ya hapo, hakuna kilichobaki. Adui mwingine wa muvi hiyo ni mvua. Nyumba zetu nyingi ni za mabati, na kuanzia Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba, mvua inaweza kuanza saa mbili usiku na kupiga bati mpaka mtu aliye pembeni yako akuongeleshe kwa kupaza sauti. Kwa hiyo tazama mawingu kabla ya kuamua. Siku ya mvua weka ya mazombi, siku kavu weka ya ukimya. Kama unatumia spika ya nje, ijaribu mchana na zungukia upande wa jirani usikie kinachopita ukutani. Muvi za kutisha huwa na tabia ya kunong'ona kisha kulipuka, na jirani anasikia mlipuko tu.

Get Out ya mwaka 2017 nayo ina sharti lake: watu wawe wamekaa na kunyamaza tangu mwanzo. Mhusika mkuu anachezwa na Daniel Kaluuya, mzaliwa wa London ambaye wazazi wake ni Waganda, na hilo peke yake huwafanya watu wa hapa wajisogeze mbele. Kinachonigusa zaidi ni muziki wa ufunguzi uliotungwa na Michael Abels, Sikiliza Kwa Wahenga. Ni Kiswahili. Sauti zinamwonya kijana akimbie, ajiokoe, wakati yeye ndiyo kwanza anajiandaa kwenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu. Watazamaji wengi duniani walisikia minong'ono ya kuogofya tu. Sisi tunapewa onyo lenyewe mkononi kabla hadithi haijaanza, halafu tunakaa karibu saa mbili tukimtazama mtu ambaye hakulisikia. Anayechelewa kwa sababu ya soda amekosa zawadi iliyotengwa kwa ajili yake. Jordan Peele, aliyeiandika na kuiongoza, aliishindia Oscar ya mswada asilia wa filamu, na mwaka 2022 yeye na Kaluuya wakarudi pamoja na Nope, ambayo ni ya kitu kinachojificha mawinguni. Hiyo nayo inataka skrini kubwa.

Tuje kwenye bando, maana hapo ndipo mipango mingi hukwama. Netflix wanaeleza kwamba ubora wa chini hula kama GB 0.3 kwa saa, wa kati 0.7, na HD hadi GB 3. Maana yake muvi ya dakika 93 kama His House itakula kama GB 1.1 kwa ubora wa kati na zaidi ya 4.5 kwa HD. Pakua mapema, usiku ambao mtandao umetulia, kwa ubora wa kati. Kwenye TV ya kawaida wachache watagundua tofauti. Na kama huna hela ya bando wala ya kulipia huduma, ipo Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Wasambazaji walipobadilisha jina lake walisahau kuweka tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Unaipakua bure bila kumwibia mtu. Haina rangi, lakini mazombi wote unaowajua wametokana nayo, na shujaa wake ni Duane Jones, mtu mweusi mwenye akili kuliko wote waliojifungia naye ndani ya ile nyumba.

Ukitumia flashi, fanya majaribio kwenye TV ile ile mtakayoitumia. Flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. TV za zamani nazo hazisomi video zilizobanwa kwa HEVC, mfumo mpya zaidi wa kupunguza ukubwa wa video, kwa hiyo utasikia sauti bila picha. Faili ya maandishi ya tafsiri iwe kwenye folda moja na muvi, na iitwe jina lile lile herufi kwa herufi, la sivyo haitajitokeza. Chaji laptopu ijae, kwa sababu umeme ukikatika TV inazima lakini laptopu itawafikisha mwisho, hata kama mtabanana.

Giza nalo ni kifaa. Alien ya mwaka 1979 imepigwa ndani ya chombo cha angani chenye korido nyeusi, na mnyama mwenyewe huonekana kwa vipande vipande: mkono, taya, kitu kinachoning'inia juu. Ndani ya lile vazi alikuwemo Bolaji Badejo, Mnigeria mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili aliyekuwa akisomea usanifu wa michoro London. Ukiitazama saa kumi jioni na dirisha liko wazi, utaona sura zenu kwenye kioo cha TV, Badejo hutamwona. Jua letu huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo saa moja na nusu ni wakati mzuri wa kuanza. Zima taa ya nje inayopiga dirishani, na zima ule mpangilio wa TV wa kuokoa umeme unaofifisha picha.

Halafu piga hesabu ya kurudi nyumbani. Muvi ya dakika 90 ikianza saa moja na nusu, saa tatu watu wako nje na boda bado ziko stejini. Muvi yenye urefu wa saa tatu kasorobo inawatoa wageni usiku mkubwa, tena wakiwa wameshatishwa. Hizo ndefu ziwe za wanaolala hapo hapo.

Trela usiwatumie watu. Siku hizi trela inaonyesha nusu ya vitisho. Watumie sentensi mbili tu za maelezo na onyo la yaliyomo. Aliyekwisha kuitazama akae nyuma, na aahidi kutogusa mwenzake bega kabla ya tukio. Chakula kiliwe mwanzoni. Karanga na bisi zinatosha baada ya hapo, na bisi ziwe kwenye bakuli, si kwenye mfuko wa nailoni unaokwaruza.

Mkiwa mnawangoja waliochelewa, wekeni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Ina dakika kama 21. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi chini ya paa moja, wanasafisha mkojo na jasho lao ili wanywe tena, na mwanamke mmoja anapata udongo wenye uhai. Anayefika katikati yake hajaharibu usiku, na aliyewahi kwa muda ameonyeshwa kwamba sayansi ya kubuni inatengenezwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Tayarisha pia ya kumalizia. Watu wasitoke nje moja kwa moja kutoka kwenye kitisho cha mwisho. Who Killed Captain Alex, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana kule Wakaliga, Kampala, mwaka 2010, iko YouTube bure na VJ Emmie anaisimulia kwa Kiingereza. Kung fu, helikopta, na vicheko vya watu wanaoutambua mtaa wao. Dakika kumi na tano zake zinatosha kurudisha mapigo ya moyo. Ipakue mchana pamoja na nyingine, maana saa hiyo ya usiku bando ndiyo huwa limeisha, na wanaokaa njia moja wapange mapema nani atapanda boda na nani.