SOMO: Choo kiko chumba chake na hakina sinki? Weka pa kunawia hapo hapo mlangoni

Wakuu, salaam.

Swali hili haliishi: "Nyumba niliyopanga choo kiko peke yake, bafu peke yake, sinki hakuna popote. Tunanawia wapi?" Nimelijibu vipande vipande chini ya mada za watu na kwenye ujumbe binafsi mpaka nimechoka. Leo naandika lote mahali pamoja, na atakayeuliza tena mwelekezeni huku.

Nyumba zetu nyingi ziko hivyo. Uani kuna mlango wa choo, pembeni mlango wa bafu la kuogea kwa ndoo, na ndani ya choo kuna ndoo ya maji na kopo la kuchambia, basi. Kutenga choo na bafu ni jambo zuri, hasa nyumba ya vyumba sita ambako asubuhi kila mtu anawahi kazini. Tatizo ni safari ya mkono. Mtu anatoka, anashika komeo, anavuka ua, anashika kitasa cha chumba chake, anashika jagi, ndipo anawe, kama hakuitwa njiani. Na sisi tunachamba kwa maji, kwa hiyo mkono huo si wa kuusafirisha.

Sikubaliani na wanaosema watu wetu hawajui kunawa. Mwaka 2020 wakati wa korona ndoo za koki zilikaa kila mlango, duka kwa duka, na watu walinawa bila kusukumwa. Ndoo zilipoondolewa, kunawa kukaondoka nazo. Ujuzi ulibaki pale pale, kilichobadilika ni umbali. Ndiyo maana nasema maji na sabuni vikae hatua mbili au tatu kutoka mlango wa choo, kabla mkono haujagusa kitu kingine. Vikiwa mbali zaidi ya hapo, mtakuwa mnakumbushana kila siku.

Vifaa

Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko. Koki ya plastiki ya nusu inchi pamoja na nati yake na washa mbili za mpira. Kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, urefu wa mkono, kwa fundi bomba yeyote utapata kipande kilichobaki. Stuli imara au matofali. Beseni au ndoo ya zamani ya kupokelea maji machafu. Sabuni.

Ndoo ya rangi inafaa ukiisugua vizuri. Iliyowahi kubeba dawa za kilimo usiitumie kabisa, hata ukiiosha mara ngapi.

Hatua ya 1. Osha ndoo.

Hatua ya 2. Weka alama ya tundu, vidole vitatu juu ya kitako. Ukishuka zaidi utaingia kwenye mpindo wa kitako na washa haitalala bapa. Ukipanda sana, maji mengi yatabaki chini bila kutoka.

Hatua ya 3: kutoboa. Hapa ndipo ndoo nyingi zinapokufa, na yangu ya kwanza ilifia hapa. Watu wanachukua kisu cha moto au msumari wa moto na kuchonga tundu kwa kuzungusha. Tundu linatoka kama yai, pana upande mmoja, na hakuna washa itakayoziba. Utakaza, itavuja. Utakaza zaidi, plastiki itapasuka.

Tumia lile bomba. Bomba la chuma la nusu inchi lina upana wa nje wa milimita 21.3, na uzi wa koki ya nusu inchi una takriban milimita 21. Yaani bomba lenyewe ndilo kipimo, halihitaji kukisia. Lipashe ncha kwenye jiko la mkaa, lishike kwa koleo au kitambaa kinene kilicholowa, kisha liweke wima juu ya alama na ulisukume huku ukilizungusha taratibu. Likishatokea upande wa pili lichomoe mara moja.

Maonyo, na haya msiyaruke:

Usilipashe mpaka liwe jekundu. Plastiki haihitaji moto huo, na chuma kikizidi moto kinayeyusha mpaka pembeni, tundu linakuwa kubwa kuliko koki. Tena bomba jeupe lililopakwa zinki likipata moto mkali linatoa moshi mbaya kwa mapafu. Fanya kazi hii nje, upande upepo unakotoka, watoto wakiwa mbali. Likipoa kabla halijapenya, lirudishe jikoni. Usilazimishe kwa nguvu. Halafu kuna kidonge cha plastiki kinachobaki ndani ya bomba, na bado kina moto, usikichokonoe kwa kidole.

Ndoo ikipoa, kwangua vinundu vya pembeni ya tundu kwa wembe, nje na ndani, mpaka kidole kipite bila kukwaruza. Kinundu kimoja kidogo kinatosha kuifanya ivuje.

Hatua ya 4: kufunga koki. Washa moja nje, kati ya koki na ukuta wa ndoo. Ya pili ndani, kati ya ukuta na nati. Ya nje ndiyo inayobeba kazi kubwa: maji hupenya kwenye uzi wa nati, na yanachokutana nacho mwisho ni washa ya nje. Kuzungushia uzi tepu nyeupe ya mafundi si vibaya, ila tepu haichukui nafasi ya washa. Kaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha robo ya mzunguko kwa koleo. Iachie hapo.

Hatua ya 5. Jaza maji, acha usiku kucha juu ya gazeti kavu. Gazeti likilowa, rudi hatua ya 3 au ya 4.

Hatua ya 6: mahali. Nje ya mlango wa choo, upande ambao mtu anatokea, si nyuma ya mlango unapofunguka. Koki iwe usawa wa kiuno cha mtoto mkubwa, ili wote wafike. Chini yake beseni. Maji yaliyonawiwa yamwage chooni kila jioni: kama choo ni cha kumwagia maji yanasaidia kusukuma, na beseni halilali na maji. Maji yanayokaa siku nyingi wazi ni mazalia ya mbu. Mfuniko wa ndoo nao usiondoke kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 7: sabuni. Kata kipande cha sabuni ya mche, kitie kwenye soksi safi au wavu wa vitunguu, kining'inize kwenye koki. Kama mnaishi wengi na sabuni inapotea, tengeneza maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita moja na nusu, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula, tikisa, toboa kizibo kwa msumari. Inasafisha vizuri, inakaa muda mrefu, na hakuna anayeibeba kupeleka kufulia.

Kunawa kwenyewe: lowesha, paka sabuni, sugua sekunde 20 pamoja na kucha na katikati ya vidole. Koki uliishika kwa mkono mchafu, kwa hiyo na yenyewe ipake povu, kisha suuza vyote pamoja. Wengi wanaisahau koki.

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

---

Mpangaji wa Tandale: Mkuu nimeona ni ndefu sana. Kwa kifupi ninunue ndoo gani na tundu nitoboe kwa nini?

Mleta mada: Vifaa viko juu. Tundu ni hatua ya 3.

Mpangaji wa Tandale: Nina msumari wa nchi sita, si nao utafaa tu?

Mleta mada: Hapana. Sababu ni aya ya kwanza ya hatua ya 3.

Kijana wa Sinza: Haya yote ya nini wakati vitakasa mikono vipo? Chupa ndogo mfukoni, kazi imeisha.

Mleta mada: Kitakasa hakiondoi uchafu, na mkono wenye uchafu unaoonekana hakifanyi kazi ipasavyo. Kuna virusi vya kuharisha vinavyostahimili pombe ile, na mayai ya minyoo hayafi kwa kitakasa, yanatoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa. Kibebe ukisafiri. Chooni nyumbani ni sabuni na maji.

Kijana wa Sinza: Umejibu kwa ukali.

Mleta mada: Nimejibu ulichouliza, ndugu yangu. Nina watoto kwenye nyumba yenye choo kimoja cha familia nne, jambo hili silichukulii wepesi.

Mama wa Mabatini: Asante kwa somo. Mimi koki niliyopata ni ya robo tatu. Bomba la nusu inchi si litakuwa dogo?

Mleta mada: Swali zuri sana dada. Ndiyo, litakuwa dogo. Tumia bomba la chuma la robo tatu: upana wake wa nje ni karibu milimita 27, na uzi wa koki ya robo tatu ni zaidi kidogo ya 26. Kanuni ni ile ile, bomba na koki viwe na jina moja la inchi. Ila koki ya robo tatu inamwaga sana, ndoo itaisha upesi. Fungua nusu tu, na wafundishe watoto hivyo. Kwa mtiririko mwembamba mtu anatumia kama nusu lita, hivyo ndoo ya lita 20 inanawisha watu kama arobaini.

Mama wa Mabatini: Na nani ajaze? Kwetu vyumba saba, kila mtu anamtegea mwenzake.

Mleta mada: Unganisheni na zamu ya kuosha choo. Mwenye zamu ya choo wiki hiyo ndiye anayejaza ndoo, kumwaga beseni na kuisugua ndoo kwa ndani mwisho wa wiki. Kazi iliyo na mwenyewe haitegewi. Sabuni changieni pamoja na umeme. Na mpini wa ndoo ufungeni mnyororo kwenye nondo ya dirisha la choo.

Mwalimu wa Kondoa: Shuleni kwetu wanafunzi ni wengi na maji ni ya kuchota mbali. Ndoo lita 20 inaisha mapumziko ya kwanza. Kuna njia ya kubana maji? Na hilo la kushika koki kwa mkono mchafu linanisumbua.

Mleta mada: Mwalimu, kwenu tengenezeni vibuyu chirizi, kimoja kila mlango wa choo. Dumu la lita 5 lenye mpini. Kwa msumari wa moto, safari hii msumari ndio wenyewe, toboa tundu dogo upande usio na mpini, kama sentimita 12 chini ya kizibo. Simika nguzo mbili zenye panda, pitisha fito kwenye mpini wa dumu, lining'inie. Toboa kizibo, pitisha kamba na uifunge fundo kwa ndani, ncha ya pili ifunge kwenye kijiti kinacholala chini kama kanyagio. Mtoto akikanyaga dumu linainama na maji yanachirizika, akiachia linarudi lenyewe. Mkono haugusi chochote isipokuwa sabuni iliyoning'inizwa kwa kamba pembeni, na maji yanayotumika ni kidogo sana kuliko ya koki.

Usijaze kupita tundu, vinginevyo yatamwagika dumu likiwa limetulia. Chini chimba shimo dogo ujaze kokoto, pasigeuke tope. Tarehe 15 Oktoba ni Siku ya Kunawa Mikono Duniani, waacheni wanafunzi wenyewe wavitengeneze siku hiyo. Alichokijenga mtoto kwa mikono yake atakilinda na atamkemea mwenzake anayekivunja.

Mwalimu wa Kondoa: Nimenakili. Kamba zinakatika upesi, ya katani au ya nailoni?

Mleta mada: Nailoni. Katani inaoza kwa kulowa.

Msomaji wa Lamu: Sisi nyumba za zamani za mawe choo kilikuwa na birika lake la kujengwa, unateka maji kwa kata. Mabirika mengine yaliwekewa bakuli la kaure kwenye sakafu yake ili visamaki vipate pa kukaa maji yakipungua, navyo vilikula viluwiluwi vya mbu. Je, birika kama hilo latosha kunawia?

Mleta mada: Nashukuru sana kwa hili, na wenye nyumba hizo wasiyabomoe. Wazee walilifikiria suala la mbu kabla yetu. Kwa kunawa, hatari iko kwenye kutumbukiza: mkono mchafu ukigusa maji ya birika, umechafua ya wote, na kata iliyoshikwa kwa mkono ule ikirudi ndani ni hivyo hivyo. Weka kata ya mpini mrefu kwa kuteka tu, na ndoo ya koki mlangoni uijaze kutoka humo humo birikani. Sabuni isiingie birikani, utaua samaki.

Mdau wa Ufaransa: Huku nako nyumba nyingi choo ni chumba kidogo peke yake bila sinki. Mwenye nyumba haruhusu kutoboa ukuta. Nifanyeje?

Mleta mada: Wajapani wana suluhisho la siku nyingi: mfuniko wa tangi la choo wenye kibeseni na mdomo wa bomba juu yake. Ukivuta maji, yale masafi yanayokuja kujaza tangi yanapita kwanza kwenye mdomo ule, unanawa, kisha yanashuka tangini kungojea mvuto unaofuata. Ukuta hauguswi. Pima urefu na upana wa tangi lako kabla ya kununua, na uuhifadhi mfuniko wa mwenye nyumba uurudishe ukihama. Tumia sabuni ya maji, vipande vya mche visiangukie ndani.

Mpangaji wa Tandale: Nimetumia msumari. Inavuja.

Mleta mada: Tundu limepanuka kiasi gani? Kama ni milimita chache, kata washa pana kutoka mpira wa tairi la ndani la baiskeli, mbili, moja nje moja ndani, tundu lake liwe dogo kidogo kuliko uzi wa koki ili libane. Kama ni zaidi ya hapo, geuza ndoo, toboa upande wa pili kwa bomba, na tundu la zamani lizibe kwa boliti fupi yenye washa za mpira huo huo pande zote mbili, na bapa za chuma pana juu yake. Jaribu kwa gazeti usiku kucha, kisha ulete majibu hapa.