Namna ya Kuizuru Two Harbors kwa Kuifuata Njia ya Chuma

Two Harbors ni mji mdogo wenye wakazi wapatao 3,600, kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Superior, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Wasafiri wengi huupitia tu wakielekea kwenye maporomoko ya maji na misitu iliyo mbele yake, na hata wale wanaoshuka garini mara nyingi hupiga picha ya mnara wa taa kisha wakaendelea na safari. Vitu vya kale havikosekani mjini hapo, lakini vimetawanyika, na kimoja kikitazamwa bila kingine hakisemi mengi: garimoshi kuukuu, boti kuukuu, ofisi ya wakili aliyekwisha kufa. Kwa hiyo mwongozo huu unapendekeza vizuriwe kwa mpangilio uleule ambao madini ya chuma yaliufuata, kutoka reli hadi gatini, kutoka gatini hadi melini, na kutoka melini hadi kwenye minara iliyojengwa ili meli hizo zisivunjike miambani.

Panga safari kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Oktoba, kwa kuwa nje ya kipindi hicho makumbusho mengi madogo hufungwa au hupunguza saa zake. Kutoka Minneapolis na viunga vyake, ambako wanaishi Wakenya na Waafrika Mashariki wengine wengi, ni mwendo wa karibu saa tatu kwa gari kupitia Duluth, na kutoka Duluth hadi Two Harbors ni kilomita 43 hivi. Baada ya Duluth barabara hugawanyika. Acha ile pana ya mwendo kasi, ushike ile ya zamani inayoambaa na ufuo. Ukifika Knife River, nunua samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi, kwa sababu uvuvi wa wahamiaji kutoka Norwei nao ni sehemu ya urithi wa ufuo huu, na sijaona namna bora ya kuujua kuliko kuula. Beba koti zito hata kama ni Julai. Msomaji aliyekulia Kisumu au Mwanza, kando ya ziwa la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa yasiyo na chumvi, hapa atakutana na lile la kwanza, na upepo wake hauna huruma yoyote ya kitropiki.

Anzia kwenye makumbusho yaliyomo katika jengo la stesheni la mwaka 1907, lililokuwa la reli ya Duluth and Iron Range. Mfadhili wa reli hiyo, Charlemagne Tower, alikuwa tajiri wa Pennsylvania ambaye alitia fedha zake katika njia ya kilomita 109 hivi, iliyokatiza misitu na vinamasi kutoka Agate Bay, ghuba ya mji huu, hadi mgodi wa chuma wa Soudan, humohumo Minnesota. Shehena ya kwanza ya chuma ilifika ziwani mwaka 1884, na mji ukakua kuuzunguka mzigo huo. Nje ya stesheni yamesimama magarimoshi mawili, nami nasisitiza uanze na lile dogo. Hilo ndilo Three Spot la mwaka 1883, ambalo lililetwa kwa tishari kupitia ziwani kwa sababu hapakuwa na reli nyingine ya kulifikisha hapo. Yaani garimoshi lilitangulia kufika, kisha likasaidia kuijenga njia yake lenyewe. Baada ya kuliangalia kwa utulivu, geukia namba 229 la mwaka 1943, jitu la aina iitwayo Yellowstone, moja kati ya matatu tu yaliyobaki katika yale 18 yaliyoundwa kwa ajili ya reli hii. Kati ya magarimoshi hayo mawili ipo miaka 60, na ukubwa wa la pili unakueleza jinsi mahitaji ya chuma yalivyopanda hadi kufikia Vita vya Pili vya Dunia kuliko bango lolote la maelezo.

Kabla ya kuteremka gatini, tenga nusu saa kwa ofisi ya wakili John Dwan, ambayo sasa ni makumbusho madogo. Humo ndimo ilimozaliwa kampuni ya 3M mwaka 1902, pale Dwan na wenzake wanne walipoamua kuchimba jiwe gumu la korundamu kwa ajili ya mawe ya kunolea na kusagia. Jiwe walilolipata halikuwa korundamu, bali anothositi, ambalo ni laini mno kwa kazi hiyo. Kampuni ikahamia Duluth kutengeneza msasa, baadaye ikaenda Saint Paul, na leo bidhaa zake zimo katika karibu kila ofisi duniani. Hapa njia yetu ya chuma inachepuka kidogo, lakini ni mchepuko unaostahili: mji uliotajirishwa na jiwe moja ulizaa kampuni kubwa kutokana na jiwe jingine lisilofaa kitu.

Magati ya chuma ya Agate Bay bado yanafanya kazi, kwa hiyo mgeni haruhusiwi kuyaingia, na wala asijaribu kukatiza relini ili apate picha nzuri zaidi. Simama ufukweni, au utembee juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi iwapo ziwa limetulia. Kabla ya kuondoka nyumbani, tazama kwenye intaneti ratiba ya meli zinazotarajiwa, kwa maana gati tupu na gati lenye meli ya urefu wa mita 300 ni vitu viwili tofauti kabisa. Siku hizi hayapakiwi madini ghafi kama zamani, bali vidonge vya takonaiti, yaani mwamba wenye chuma uliosagwa na kuchomwa, vyenye ukubwa unaokaribia gololi, na upakiaji huchukua saa nyingi. Huna haja ya kuusubiri hadi mwisho.

Kutoka hapo tafuta habari za Edna G., tagi iliyoundwa Cleveland mwaka 1896 kwa ajili ya kuzisukuma na kuzivuta meli za chuma bandarini hapo. Ilipostaafu mwaka 1981, ilikuwa tagi ya mwisho ya mvuke wa makaa ya mawe kufanya kazi katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Usiridhike na sifa hiyo ya kuwa ya mwisho. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mwishoni mwa Novemba 1905, dhoruba kali ilipozivunja na kuziharibu meli nyingi ziwani, tishari liitwalo Madeira lilipasuka kwenye mwamba wa Gold Rock, na Edna G. ndiyo iliyokwenda kuwachukua mabaharia walionusurika. Kati ya watu kumi alifariki mmoja. Likumbuke jina la mwamba huo, kwani utauona mchana.

Mnara wa taa wa Two Harbors, wa matofali mekundu, ulianza kazi mwaka 1892 na taa yake ingali inawaka. Jumuiya ya historia ya wilaya ya Lake, ambayo ndiyo inayoutunza, hupangisha vyumba vya kulala katika nyumba ya mlinzi wa zamani, na malipo husaidia matengenezo; ukitaka kulala humo, weka nafasi mapema sana.

Mchana endesha gari kilomita 32 kuelekea kaskazini-mashariki hadi mnara wa taa wa Split Rock. Njiani utapita maporomoko ya Gooseberry Falls, ambako kuta za mawe zilijengwa na vijana wa mradi wa serikali wa kuwapatia ajira wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Maegesho ya kituo cha wageni hapo hayalipiwi. Split Rock wenyewe ni matokeo ya ile dhoruba ya 1905. Wenye meli za chuma waliishawishi serikali, Bunge likatoa dola 75,000 mwaka 1907, na mnara ukawashwa mwaka 1910. Kwa kuwa hapakuwa na barabara, vifaa vyote vilipandishwa kwa kreni kutoka melini hadi juu ya jabali la mita 40 hivi, na barabara haikufika hadi miaka ya 1920. Shuka hadi ufuoni, maana kutoka chini ndipo utakapoelewa kazi iliyofanyika, kisha utazame upande wa Gold Rock, ambapo mabaki ya Madeira yangali chini ya maji.

Taa ya Split Rock ilizimwa rasmi mwaka 1969. Hata hivyo, kila tarehe 10 Novemba huwashwa kuwakumbuka mabaharia 29 wa Edmund Fitzgerald, meli iliyozama siku hiyo mwaka 1975 ikiwa imebeba vidonge vya chuma. Ukiweza kusafiri siku moja tu katika mwaka na huogopi baridi, ningekushauri uichague hiyo, ingawa makumbusho ya mjini huenda utayakuta yamefungwa.

Upungufu mmoja wa njia hii lazima usemwe: inaanza na reli, ilhali ufuo huu ulikuwa wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, ambao waliukabidhi kwa serikali ya Marekani kwa mkataba wa La Pointe wa mwaka 1854, miaka 30 tu kabla ya shehena ya kwanza ya chuma. Mjini Two Harbors utasikia machache mno juu yao. Mwenye siku ya ziada aendelee kilomita 190 hivi hadi Grand Portage, karibu na mpaka wa Kanada, ambako kituo cha biashara ya manyoya cha North West Company kimejengwa upya juu ya ardhi iliyotolewa na Waojibwe wa hapo wenyewe. Aanzie kwenye jumba la urithi kabla ya kuingia kituoni, na atafute malazi hukohuko badala ya kurudi usiku, kwa sababu barabara ya ufuoni ina paa wengi na taa chache.