Kalamu ya wino ya babu usiitupe, ifufue hivi

Wadau wa Mtwara na Lindi, kama nyumbani kuna sanduku la babu alokuwa karani au mwalimu hebu lipekueni, hata Mikindani kuna nyumba zina vitu vya zamani mpaka basi. Ukikuta kalamu ya wino aina ya Parker 51 umepata mali. Ilianza kuuzwa 1941, utaijua kwa nibu (ile ncha ya kuandikia) iliyofichwa, inachungulia kincha tu, na zile za kuanzia 1948 ukifungua ndani kuna kibomba cha chuma cha kubinya.

Usilazimishe kufungua, wino uliokauka unashika kama gundi. Loweka upande wa nibu kwenye maji ya baridi usiku kucha, kesho yake chovya, binya na achia mara 5 au 6, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe, inaweza kuchukua hata siku 2 usichoke. Maji ya moto hapana na spiriti ndo kabisaa, inaharibu plastiki. Kalamu zingine zenye kifuko cha mpira ndani mara nyingi mpira umeshakufa, unabadilishwa tu.

Wino sasa, hapa ndo watu wanaua kalamu. Wino wa mhuri usiweke, wa printa usiweke, tafuta ule wa chupa wa kalamu zenyewe. Na huku kwetu pwani chumvi inakula chuma, kwahiyo kama huandiki ioshe, ikaushe vizuri kwa kitambaa ndo uihifadhi. Mi yangu naiandikia kila siku, hiyo ndo sevisi nzuri kuliko zote.