Mwenzako akikataa kumpaka mtoto losheni ya jua, fanya hivi

Mwanangu ana miaka mitatu, Jumapili huwa kwa babake na babake anapenda bahari, basi wanashinda Pirates, ule ufuo wa Mombasa, kuanzia saa tano. Kuna siku alirudi mabega ya moto hataki hata kuguswa, siku tatu baadaye ngozi ikaanza kubambuka. Babake akashikilia kuwa mtoto mweusi haungui na jua. Anaungua jamani, weusi unasaidia kiasi tu.

Kwanza, usilianzishe mlangoni siku ya kumchukua, mtoto anasikia. Ongeeni katikati ya wiki na uombe kitu kimoja tu. Sisi vita vilikuwa losheni kwa hivyo niliiacha kando nikaomba saa: waende kabla ya saa nne ama baada ya saa kumi. Mombasa iko digrii nne tu kusini mwa ikweta, jua liko karibu na utosi mwaka mzima, na ule upepo wa bahari unadanganya manake unapoza mwili lakini miale inachoma vilevile, hata kukiwa na mawingu. Kipimo kisicho na ubishi ni kivuli: kikiwa kifupi kuliko mtoto, mtoeni juani.

Likikubalika hilo ndo uongeze fulana ya mikono mirefu isiyovuliwa hata majini, na kofia pana ya kufunika shingo na masikio. Paki wewe mwenyewe kwa begi, usingoje anunue.

Losheni iwe SPF 30 kwenda juu (SPF ni kipimo cha kinga ya jua, kimeandikwa kwa chupa), apakwe kabla hawajatoka, halafu kila masaa mawili na kila akitoka majini. Kama mwenzako anaogopa kemikali, tafuta ile ya zinki, mjaribu kidogo mkononi siku moja kabla. Mafuta ya nazi hayazuii jua, hapo bibi atanisamehe. Aliye chini ya miezi sita ni kivuli na nguo, losheni sio yake bado.

Na akiungua, kitambaa cha maji baridi na anywe maji mengi, sio barafu wala dawa ya meno. Malengelenge, homa, ama hajafika mwaka mmoja, mpeleke kliniki. Ukimpa Panadol mwambie mwenzako saa ngapi na kiasi gani, hata kama mmenuniana, asije akampa tena.