Kabla hujawapeleka watoto kuwaona koala na kangaruu Brisbane, Australia

Kama mwanao ameona ile picha ya shangazi yake amempakata koala kama kichanga, mwambie mapema kwamba hiyo ilikuwa zamani. Lone Pine, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 1927 kando ya Mto Brisbane, iliacha mwaka 2024 kuwapa wageni koala wawabebe. Ukienda Sydney ni hivyo hivyo. Jimbo lake, New South Wales, lilishapiga marufuku siku nyingi. Siku hizi unasogea karibu, unamtazama na kupiga picha, yeye akiwa kwenye tawi lake. Mtoto aliyeahidiwa kumkumbatia atalia njia nzima ya kurudi, na kosa litakuwa lako.

Tena ujue utamkuta amelala. Koala hulala hata saa 18 hadi 20 kati ya 24, maana chakula chake ni majani ya mkaratusi (naam, hii hii mikaratusi tuliyoizoea kwetu kwa nguzo za umeme), na majani hayo yana sumu na lishe yake ni haba. Ukimkuta anatafuna, simama hapo hapo. Ratiba nyingine zisubiri.

Kwa kangaruu, saa ndiyo jambo kubwa. Fika lango likifunguliwa. Asubuhi wana njaa na wanakuja wenyewe. Ikifika adhuhuri wameshashiba kwa wageni waliotangulia, wamejinyoosha kivulini na hawana habari na mtu. Chakula chao nunua pale pale. Usibebe mkate wala biskuti za kuwapa: vyakula laini hunasa kwenye fizi zao, na taya huweza kuoza mpaka mnyama afe. Mtoto anyooshe kiganja, vidole pamoja, achutame na kungoja. Asiguse mfuko wa kangaruu jike hata kama miguu ya kinda lake imechomoza nje. Kuna sehemu waliyotengewa wapumzike, msiwafuate huko. Dume akisimama wima mbele yenu, rudini nyuma taratibu.

Usafiri si tatizo. Basi la jiji linafika, na tangu Agosti 2024 nauli Queensland, jimbo la Brisbane, ni senti 50 za huko.

Chakula chenu fungeni kwenye kontena lenye kifuniko. Hapa sitanii. Brisbane imejaa kwarara weupe ambao wenyeji huwaita kuku wa jalalani, na mdomo wake mrefu unaingia kwenye mfuko wa chapati kabla hujageuza shingo. Emu, ndege anayefanana na mbuni, naye ana kimo cha mtu mzima na hadonoi kwa adabu. Mkimaliza kushika wanyama, nawaneni kwa sabuni ndipo mle.

Wengi wetu hudhani ngozi nyeusi haihitaji kujikinga na jua. Lakini jua la Queensland ni kali mno, hasa Desemba hadi Februari, kwa hiyo chukua kofia pana, mikono mirefu, maji ya kutosha na losheni ya jua. Vaeni viatu vya kufunika vidole, kwa kuwa uwanja wa kangaruu umetapakaa vinyesi.

Platipasi, mnyama wa majini mwenye mdomo kama wa bata, huwekwa ndani, penye mwanga hafifu. Zima mwako wa kamera, subiri macho yazoee giza, halafu fuata mapovu majini.

Jambo moja liseme nyumbani kabla hamjatoka, ulirudie mkiwa garini: popo aliyeanguka chini haguswi, hata akionekana kafa. Mwaka 1996 iligunduliwa kwamba popo wa Australia hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mtoto akikwaruzwa au kung'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo kama tundu la sindano.