Anjaina: neno la kifua kilichokabwa

Hapa Lamu, mzee akipanda kichochoro kutoka gatini na kikapu cha samaki mkononi, kisha akasimama ghafla na kujishika kifua, wapitao humwambia kuwa ni kiungulia. Daktari naye huandika "anjaina", na jamaa hurudi nyumbani na neno wasilolielewa. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, angere, yaani kukaba au kubana, na zamani lilitumika kwa maradhi ya koo, hadi mwaka 1768 tabibu William Heberden wa London alipoyaeleza maumivu haya na kuyaita angina pectoris, mkabo wa kifua. Kwa maoni yangu, "kubanwa kifua" kwetu ni tafsiri bora kuliko "maumivu ya moyo", kwani wagonjwa wengi husema wanahisi uzito na kukabwa, wala si kuchomwa, kwa sababu misuli ya moyo haipati damu ya kutosha. Basi mwelezeni daktari kama kifua hubana wakati wa kutembea na kuachia mtu akipumzika. Kikiendelea kubana hata baada ya kuketi, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo.